Katriji Hii Haitambuliki

Printa zilizogoma hazikumsumbua sana Inspekta. Kilichomsumbua ni Mama Wino kunyamaza.

Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya kibanda chake mwenyewe, ameegemea mlango uliotiwa kufuli lisilo lake. Wenye maduka ya uchapaji walimzunguka, kila mmoja na katriji mkononi, wote wakisema kwa mpigo na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Na yeye, mwanamke aliyewajazia wino mtaa mzima tangu wengine wao wakiwa wanabebwa mgongoni, alikuwa kimya kama maji mtungini. Haya, uliona wapi fundi anatukanwa mbele ya kazi yake halafu anatazama vidole vya miguu?

"Afande Taratibu huyo," mtu alisema, na njia ikafunguka.

Hilo ndilo jina walilompa. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Wezi kadhaa walidanganyika na mwendo ule, wakaja kujuta. Alifika, akapangusa jasho, akauliza swali la kwanza bila hata kusalimia.

"Kufuli la nani hili?"

"Langu," alisema Mwenyekiti wa wafanyabiashara, mzee mrefu mwenye duka la kuchapa kadi za harusi. "Tumemchukulia funguo zake, tumefunga kulinda ushahidi."

"Ushahidi unalinda wewe siku hizi? Basi mimi nirudi nyumbani nikalale."

Wawili watatu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alieleza kwamba jana jioni printa zote za mtaa zilikuwa nzima, zinachapa bila tatizo. Asubuhi walipofungua maduka walizikuta zote zimegoma, zimeandika maneno yale yale kwenye vioo vyake: Katriji hii haitambuliki. Tafadhali tumia katriji halisi.

"Na katriji zote kazijaza nani? Huyu. Wiki hii hii alifungua mtungi mpya wa wino. Hesabu inajifanya yenyewe, afande. Tunataka ashtakiwe kwa uharibifu wa mali. Leo. Na ikifika jioni hujamchukua, kibanda tunampa mwingine. Wanaokitaka wapo."

Inspekta aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Mama Wino. "Dada, unasemaje?"

Mama Wino alitazama umati, akatazama chini. "Labda wino wangu ulikuwa mbovu," alisema.

"Labda?"

"Andika hivyo. Niletee nitie saini."

Umati ulipiga kelele ya ushindi. Inspekta hakuandika. Alirudisha kalamu mfukoni, akasimama polepole, magoti yakimlia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo walivyosema waliotutangulia. Na Inspekta alikuwa na sababu yake ya kutokiamini kimya hiki. Alianza kazi ya polisi kama karani wa maelezo, msichana mwembamba (ndiyo, mwembamba, usibishe) mbele ya mashine ya taipu nzito kama jiwe la kusagia. Utepe wa mashine ulipofifia, ulikuwa hautupwi. Mama Wino, wakati huo bado msichana naye, aliitwa, akaja na kopo lake na brashi, akaukunjua utepe mapajani, akaunywesha wino taratibu huku akipiga soga, na ukarudi kuandika kama jana umenunuliwa. Utepe mmoja ulinyweshwa hivyo hivyo mpaka ukatoboka. Mashine ikikwama, unaigeuza, unafungua skrubu, unaona kila kitu kilivyo humo ndani: huku gurudumu, huku kamba, huku sindano iliyopotea mwaka juzi. Ofisi nzima ilinuka wino na mafuta ya cherehani. Siku zile, kitu ukikinunua kilikuwa chako mpaka kikufie mkononi. Inspekta alizikumbuka siku hizo kwa uchungu mtamu, na hakuona aibu.

Lakini zaidi alikumbuka siku karani mkuu alipodai wino wa Mama Wino umetiwa maji. Yule msichana hakubishana. Alichovya kidole koponi, akamchora karani mkuu mstari kwenye kola ya shati lake jeupe, akamwambia, "Kafue. Ukitoka, naacha kazi." Shati lile lilifuliwa na mke, likafuliwa na dobi, likaishia kuwa dasta. Na Mama Wino akabaki na kazi.

Mtu wa namna hiyo haweki "labda" mbele ya wino wake.

"Twende dukani kwako," Inspekta alimwambia Mwenyekiti. "Nikaione hiyo maiti."

Duka lilikuwa jembamba, limejaa kadi za mfano zenye maua ya dhahabu. Printa ilikaa juu ya meza, nyeusi, safi, taa yake ndogo ikimulika kana kwamba haina habari na msiba ilioleta. Inspekta aliyasoma yale maneno kwenye kioo, akayasoma tena.

"Iligoma kabla ya kuchapa au baada?"

"Kabla. Haikutoa hata karatasi moja."

"Karatasi haina matone? Haina mistari? Wino haukuvuja?"

"Hakuna kitu. Nimekuja asubuhi, nimekuta imeshaamua."

"Basi ni ajabu," alisema Inspekta. "Wino mbovu ninaoujua mimi unaziba, unavuja, unapaka. Hii haijaonja, na imeshakataa. Mgeni anayesusa chakula sufuria haijafunuliwa, huyo ana ugomvi na mwenye nyumba. Chakula hakina kosa."

Mwenyekiti alipangusa kioo cha printa kwa kiganja, kikabaki na maneno yale yale.

"Jana uliizima ulipofunga duka?"

"Hatuzimi printa hapa, afande. Mama Wino mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Ukiizima, asubuhi ikiamka inajisafisha koo, inatema wino bure. Ukiiacha macho, haitemi. Mtaa mzima tunafanya hivyo."

"Mtaa mzima?"

"Isipokuwa Birika." Mwenyekiti alikunja uso. "Yule mkono wa birika? Yule anazima hata taa ya choo na wewe uko ndani. Akifunga duka anashusha swichi kubwa, basi, kila kitu kinakufa."

"Na printa yake imesemaje leo?"

"Sijui. Hakuja kwenye mkutano. Tulisema kila mtu alete chai yake mwenyewe, lakini inaonekana hakuamini."

Inspekta angekwenda kwa Birika moja kwa moja, lakini kitu kilimvuta macho upande wa pili wa barabara. Duka lililokuwa likikaa tupu wiki nzima leo lilikuwa na foleni. Lilikuwa la Bwana Orijino, muuza printa mpya na katriji za kiwandani, zile za kwenye boksi linalong'aa.

Orijino alikuwa nadhifu, ananukia marashi, na alitabasamu mpaka alipoiona sare.

"Biashara imechangamka," Inspekta alisema, akijikaribisha kwenye kiti cha mteja.

"Ni bahati tu, afande. Riziki."

"Haya maboksi yaliyofika darini yaliingia lini?"

"Hivi karibuni tu."

"Hivi karibuni ni leo au ni lini?"

"Wiki iliyopita," alisema Orijino.

"Nakuuliza kama mjinga, unieleweshe. Mtaa huu wote unajaza kwa Mama Wino. Katriji zako zilikuwa zinakaa mpaka maboksi yanapauka kwa jua, nimeona kwa macho yangu. Halafu wiki iliyopita, bila mtu kukuuliza, unajaza stoo mpaka darini. Na leo printa zote zinagoma, zinataka katriji zako. Bahati hiyo ilikupigia simu?"

Orijino alipangusa paji la uso. Marashi yalianza kushindwa na jasho.

"Afande, usinitie hatiani. Sijagusa printa ya mtu."

"Sijasema umegusa. Nimeuliza nani alikupigia simu."

Orijino alitazama foleni, akainamisha sauti. "Wakala wa kampuni. Aliniambia nijaze stoo, mwezi huu mzigo utatembea. Sikuuliza kwa nini. Mtu anakupa habari njema, unamhoji?"

"Kwa hiyo walijua."

"Sijui walijua nini! Mimi nauza maboksi. Hata hizo printa niliwauzia, lakini sikuzifunga mimi. Kuzifunga, kuziunganisha na intaneti, hayo yote kafanya Fundi Waya. Muulize yeye. Aliingia kila duka."

Inspekta aliinuka. Alimjua Fundi Waya. Nani hakumjua? Kijana wa kompyuta, mpole, mwenye mkoba wa nyaya begani, baba wa mtoto mchanga. Na zaidi ya hayo yote, kitinda mimba wa Mama Wino.

Na sasa ndipo Inspekta alipogundua kwamba kwenye umati ule wote uliomzunguka mama yake, hakumwona.

Alipita kwanza kwa Birika. Duka lake lilikuwa giza, kwa sababu bado kulikuwa na mwanga wa jua na mwanga wa jua haulipiwi. Birika alikuwa nyuma ya meza, mdogo, mkavu, na alipomwona polisi alinyoosha mikono yote miwili juu.

"Shusha mikono, mzee. Washa printa yako."

"Inachapa tu, afande! Wallahi haina kosa!"

"Ndiyo maana nimekuja. Washa."

Birika alipandisha swichi. Printa ilikohoa, ikakwaruza, ikajitikisa kama mtu anayeamka usingizini, halafu ikatulia na kuomba karatasi. Walichapa ukurasa mmoja, ingawa Birika aliomba wachape nusu. Ulitoka mweusi, safi, herufi zimesimama.

"Wino wa nani?"

"Wa Mama Wino. Nilijaza juzi. Nusu ya katriji, siyo yote."

"Wa mtungi upi?"

"Ule mpya. Wa zamani ulikuwa umekwisha, akaniambia ningoje afungue mwingine. Nilisimama pale nikamwona akikata utepe wa kifuniko."

Inspekta aliishika ile karatasi, akainusa. Harufu ilimrudisha mbali sana, kwenye ofisi yenye madirisha ya mbao, na akakaa nayo kidogo kabla hajaikunja. Basi wino ni mmoja, mtungi ni mmoja, mkono uliojaza ni mmoja, na printa ya Birika ni ndugu pacha wa zile nyingine. Wino hauna kosa. Tofauti ilikuwa moja tu: nyingine zilikesha macho, hii ililala.

"Na hapa una intaneti?"

"Naivuta hapo kwa jirani, kwa ruhusa yake. Nikiwasha umeme inashika yenyewe."

Hapo Birika aliona jambo ambalo alilisimulia baadaye mpaka watu wakamchoka: Afande Taratibu alikimbia. Hatua tatu, lakini alikimbia. Alishusha swichi kubwa, duka likazimika.

"Usiiwashe tena mpaka nikuambie," alisema, akihema. "Na ukiiwasha, ikae mbali na intaneti. Umesikia? Kuna mtu anapita humo."

Fundi Waya alikuwa kwenye chumba chake cha kazi mwisho wa uchochoro, mlango umerudishwa. Mbele yake palikuwa na printa iliyofunuliwa, na kompyuta, na kikombe cha chai kilichopoa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yako amekaa juu ya ndoo kwenye jua," alisema Inspekta, "na wewe umejifungia."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo mimi si shangazi, leo ni polisi. Printa zimefanywa nini?"

Fundi alivuta pumzi. Alieleza vizuri, kwa maneno mepesi, kwa sababu alikuwa fundi mzuri. Kila katriji ina kijichipu kidogo, kama ukucha wa mtoto. Printa inakisoma. Zamani ilikuwa ikisoma na kuendelea, haijali nani amejaza. Usiku wa jana kampuni iliyozitengeneza ilizitumia programu mpya kwa njia ya intaneti. Programu hizo hushuka printa zikiwa macho lakini hazina kazi. Na hii ya sasa imeambiwa: kijichipu kisipokuwa cha kwetu, kataa.

"Hata kama wino ni mzuri?"

"Haina shida na wino, shangazi. Haiuangalii kabisa."

"Kwa hiyo mtu yuko huko aliko, hajawahi kukanyaga huku, anaingia kwenye duka la Mwenyekiti usiku na kumfungia printa aliyoinunua kwa jasho lake."

"Ndivyo."

"Na nani alimfungulia mlango?"

Fundi alichukua bisibisi, akaiweka. "Ukiwasha printa mara ya kwanza inakuuliza. Unakubali ijiboreshe yenyewe? Kuna ndiyo, kuna hapana."

"Nani alibonyeza ndiyo?"

"Wenye printa," alisema haraka. "Kila mtu alibonyeza ya kwake."

Inspekta alitoka, akarudi kwa taratibu zake mpaka kwenye umati, akamvuta Mwenyekiti kando.

"Siku printa yako inafungwa mara ya kwanza, ilikuuliza swali. Ulijibu nini?"

"Swali gani? Mimi nilikuwa na wateja, na miwani nilikuwa nimesahau nyumbani. Yule kijana ndiye aliyekuwa akibonyezabonyeza."

"Sawa," alisema Inspekta, na moyo ukamshuka. Alikuwa ameshapata jibu la swali lililomsumbua tangu asubuhi, na hakulipenda.

Aliwaambia watu wasogee, akavuta ndoo nyingine, akaketi karibu na Mama Wino, mabega yanagusana. Walikaa hivyo zamani, nyuma ya kituo, wakila mahindi ya kuchoma na kuwasema mabosi.

"Dada, wino wako ni safi. Birika anachapa nao, wa mtungi mpya. Nimeuona, nimeunusa."

Kwa kitambo uso wa Mama Wino ulifunguka wote, akawa msichana wa kopo na brashi. Halafu ukajifunga.

"Usiwaambie," alisema.

"Kwa nini?"

"Wakijua si wino, watauliza ni nini. Wakiuliza ni nini, watafika kwake."

"Wewe ulijua tangu asubuhi."

"Nilikuwepo anapoifunga ile ya Mwenyekiti. Maneno yakaja kwenye kioo, mengi, madogomadogo. Nikamwuliza, mwanangu, yanasemaje hayo? Akanicheka. Mama, haya hakuna anayeyasoma. Akabonyeza, akabonyeza. Leo nilipoona ule ujumbe nikajua, ni pale." Alishika mkono wa Inspekta kwa vidole vyake ambavyo kucha zake hazijawahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya nyeusi. "Mdogo wangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Wakisema wino wangu mbovu, watasema mwezi, watachoka. Yeye ndiyo kwanza anajenga jina. Wakimtia doa leo, nani atamkabidhi kompyuta yake kesho? Ana mke. Ana mtoto anayenyonya. Andika ni wino. Funga jalada."

"Dada, wewe ulimchora karani mkuu kwenye shati kwa sababu alisema wino wako una maji."

"Nilikuwa sijazaa," alisema Mama Wino.

Inspekta alitoa kalamu, akaifungua, akaitazama karatasi. Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Watu wote walikuwa wamesikia kwa masikio yao, mshukiwa mwenyewe anaomba kutia saini, Mwenyekiti angefurahi, na mama angepata alichotaka. Alitamani kumpa. Kwa kweli alitamani sana. Lakini mtu aliyempenda alikuwa anaomba aandikiwe uongo juu ya kitu pekee alichojivunia maisha yake yote, na mkono wa Inspekta uligoma.

Alisimama.

"Haya, sikilizeni," alisema, na mtaa ukatulia. "Mama huyu hana kosa. Wino ni mzima, nimeuthibitisha kwa printa ya Birika. Aliyezigomesha printa zenu ni aliyezitengeneza. Ameingia usiku kwa njia ya intaneti, ameziambia zisikubali katriji ya mtu mwingine. Na wakala wake alimwambia Orijino ajaze stoo kabla."

Orijino, aliyekuwa akichungulia mlangoni kwake, alirudi ndani.

"Basi tumshitaki huyo!" mtu alipiga kelele.

"Nitaandika, na nitapeleka kwa wakubwa. Lakini nisikudanganyeni. Nikimfuata atanionyesha kwamba alibisha hodi, na akaambiwa karibu."

"Nani alimwambia karibu?" Mwenyekiti aliuliza.

Inspekta alikuwa mpelelezi kwa miaka mingi, na kazi yake yote ilikuwa kujibu swali hilo. Safari hii aliangalia mawingu.

"Nani, afande?"

Mama Wino aliinuka kwenye ndoo. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwepo pale nika—"

"Mama, kaa."

Fundi Waya alikuwa amesimama nyuma ya umati, hana mkoba wake. Watu walimpisha, akapita katikati yao mpaka mbele.

"Nilibonyeza mimi," alisema. "Printa zote. Sikusoma. Nimemdanganya hata afande hapa, nikasema ni ninyi. Nilidhani nitazirekebisha kabla hamjajua, nimeshindwa. Mama hajagusa kitu."

Kelele zililipuka. Mmoja alimkaba shati, mwingine alidai printa mpya, wa tatu alisema ni njama ya mama na mwana. Inspekta aliingia katikati kwa upana wake wote na kelele zikapungua.

"Ulitubonyezea bila kutuuliza!" Mwenyekiti alifoka.

"Niliwauliza," alisema Fundi, shati limepinda. "Wewe nilikuambia, mzee, kuna maneno hapa. Ukasema, bonyeza bwana, watu wana harusi."

Mwenyekiti alinyanyua kidole kujibu. Kidole kikabaki hewani. Pembeni yake mwenye duka la fomu za shule alianza kukohoa, na mwingine akaangalia saa. Kila mmoja alikuwa amekumbuka siku yake.

"Zinaweza kupona?" hatimaye mtu aliuliza, kwa sauti ya kawaida.

"Baadhi," alisema Fundi. "Nitabadilisha vijichipu, nitazirudishia programu ya zamani, na nitazikata intaneti. Watatafuta njia nyingine, na mimi itabidi nitafute nyingine. Itakuwa hivyo hivyo, nadhani, siku zote."

Mwenyekiti alikwenda mlangoni, akafungua kufuli lake. Kwa haya ya mtu mzima alimgeukia Mama Wino, akamnyooshea funguo za kibanda kwa mikono miwili.

"Tusamehe, mama. Fungua. Kazi iendelee."

Mama Wino alizitazama zile funguo, hakuzipokea.

"Mpe yeye," alisema.

"Mama!" Fundi alishituka. "Mimi na kibanda chako wapi na wapi? Umesafishwa mbele ya watu wote."

"Nimesikia. Nashukuru." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa laini, na hiyo ndiyo iliyomuuma Inspekta. "Mimi mashine ikigoma naifungua, naona ilipoumia, natengeneza. Hii imegoma na ni nzima. Hiyo siijui, mwanangu. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiiwaza, siijui. Wewe ndiye uliyewafungulia wenye kampuni mlango, na wewe ndiye unayejua kuwafungia. Chukua."

Alimpangusa shati pale lilipokunjwa, akaokota kanga yake juu ya ndoo, akajitanda. Watu walimpisha. Ilikuwa mchana mweupe, saa ambayo kwa kawaida foleni ya wenye katriji ilifika mpaka barabarani, na yeye alikuwa akienda nyumbani.

Inspekta alipiga hatua moja kumfuata, akafungua mdomo amwite arudi. Amwite aje kufanya nini? Alisimama pale pale, machozi yakimlenga mbele ya mtaa mzima, akimtazama mpaka alipokata kona.